Kilichofunguka Ndicho Kilichodumu: Kutu, Chesisi na Magari ya Kasongo na Kabambare

Ukiuliza kwa nini magari ya zamani yamekwisha Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, utajibiwa kwa maneno mawili: vita na barabara. Jibu hilo lina ukweli mwingi, lakini linaacha jambo moja bila maelezo. Vita havikuchagua gari kwa muundo wake, na matope hayakuuliza limetoka kiwanda gani. Hata hivyo magari yaliyoweza kuhimili miongo mitatu au minne katika nchi hii yana nasaba moja: malori ya chesisi nzito, Land Rover, na baadaye Land Cruiser. Magari madogo ya miaka ya 1950 na 1960, yale ambayo bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, yalitangulia kutoweka, hata pale ambapo injini zake zilikuwa bado nzima. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kilichoamua hatima hiyo ni kufungulika. Gari ambalo bodi yake hutenganishwa na fremu iliyoibeba liliweza kutibiwa kutu kipande kwa kipande. Lisilofungulika lilikufa siku kutu ilipojificha mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Sharti hilo la kufungulika, tena, halikuja na magari. Njia ya kutoka ziwa Tanganyika kwenda mto Lualaba ilikuwa imeliweka zamani, kabla gurudumu la kwanza halijakanyaga Kabambare.

Tuanze huko. Njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa hadi Mtoa, ikapanda Kabambare, ikashuka Kasongo na kuishia Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. Mfanyabiashara Tippu Tip alipoifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, kila kitu kilichoingia au kutoka kilipimwa kwa bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na bidhaa iliyozidi hapo ilipaswa kugawanyika au kubaki pwani. (Pembe kubwa ya ndovu haigawanyiki, ndiyo maana ilitafutiwa wapagazi wa nguvu za pekee.) Mfano ulio wazi kuliko yote ni boti ya msafiri Stanley, Lady Alice. Ilijengwa Uingereza kwa mbao, urefu wake kama mita 12, ikiwa na vipande vitano vya kufungwa na kufunguliwa, na vilipoonekana vizito mno vikagawanywa tena. Mwezi Oktoba 1876 vipande hivyo vilipita Kabambare na Kasongo mabegani mwa watu, na tarehe 5 Novemba msafara ukaondoka Nyangwe pamoja na watu wa Tippu Tip. Boti nzima ya ukubwa huo isingefika hata Mtoa. Wengi husimulia safari ile kama habari ya ushupavu wa mtu mmoja. Mimi naiona pia kama ushahidi wa kihandisi: katika njia hii chombo kikubwa hupita kikiwa vipande, na anayejua kukifunga upya ana thamani sawa na aliyekiunda.

Utawala wa Wabelgiji ulibadilisha mengi baada ya Kasongo kuanguka mikononi mwa majeshi ya kamanda wao Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, lakini sharti hilo haukulifuta. Reli ya kampuni ya CFL, iliyoasisiwa na Édouard Empain mwaka 1902, iliunganisha Kindu na Kongolo mwishoni mwa 1910. Mataruma, vichwa vya treni na meli za mtoni vililetwa kwa vipande na kufungwa karibu na maji. Jambo la kukumbuka ni kwamba reli ile ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo ilibaki upande wa pili wa mto, na Kabambare ikabaki mbali zaidi, mashariki, katika nchi ya vilima na mito midogo isiyohesabika. Majaribio ya pamba yalifanyika Nyangwe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya kilimo cha lazima ikatoka mwaka 1917, na kampuni ya Cotonco ikaundwa 1920. Pamba ina tabia mbaya kwa mchukuzi: ni nyepesi kwa ujazo wake, inavunwa kwa majira, na mvua ikiinyeshea imeharibika. Kuikusanya kijiji kwa kijiji na kuifikisha kwenye mashine ya kuchambulia, kisha mtoni na relini, kulihitaji lori. Ndivyo barabara za udongo zilivyochimbwa kwa majembe ya wanavijiji waliolazimishwa, na ndivyo lori lilivyoingia mahali ambapo reli haikufika.

Lori la wakati ule lilikuwa, kwa umbo lake, mrithi halali wa mzigo wa mpagazi. Mihimili miwili mirefu ya chuma iliunganishwa kwa mihimili mifupi ya kukatiza, mfano wa ngazi. Juu yake zikafungwa injini, kibanda cha dereva na sanduku la mbao, kila kimoja kwa bolti zake. Kiwanda cha Ulaya au Marekani mara nyingi kiliuza chesisi na injini tu, na sanduku likaundwa na maseremala huku huku. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza fundi wa Kongo alilijua lori kama kitu cha tabaka mbili: chini chuma kisichobadilika, juu mbao na mabati yanayokuja na kuondoka. Maarifa hayo ya mwanzo yalikuwa muhimu kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu yaliamua mafundi wa baadaye wangelitazamaje gari lililooza.

Hapa inanibidi nijibu pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Wapo wasemao kwamba kutu ni ugonjwa wa nchi za pwani na za theluji: Mombasa kwa ajili ya upepo wa bahari, Ulaya kwa ajili ya chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Maniema iko katikati ya bara; kutu itoke wapi? Lakini chuma hakihitaji bahari ili kioze. Kinahitaji maji na hewa, basi. Maniema ya kusini hunyeshewa kuanzia kama Septemba hadi mwezi wa tano, na kiangazi chake ni kifupi. Udongo wake mwekundu hujazana ndani ya fremu, juu ya springi na nyuma ya mabati ya matairi, na ukishajazana hubaki na unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Gari lililosimama miezi mitatu likingoja kipuri, na magari ya huko yalisimama sana, huliwa kuliko lile linalotembea kila siku. Kisha usisahau mizigo. Chumvi ilikuwa bidhaa ya njia hii tangu zamani. Chumvi ya Uvinza ilivushwa ziwani kuja Maniema kabla ya ukoloni. Malori yaliirithi biashara hiyo, pamoja na samaki wakavu wa Tanganyika. Gunia la chumvi linalovuja juu ya sanduku la mbao hudondosha maji ya chumvi moja kwa moja juu ya mihimili ya chuma. Hata mawese, mzigo wa kawaida wa Maniema, si rafiki wa kweli wa chuma: yakichacha huwa na asidi inayokila taratibu. Kwa hiyo bahari haikuwepo, lakini chumvi ilipanda lori.

Kuna ushahidi wa upande wa pili unaothibitisha jambo hilo hilo. Meli ya Wajerumani Graf von Goetzen, iliyosafirishwa kwa masanduku kutoka Papenburg na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na wenyewe mwezi wa Julai 1916. Mafundi wake walikuwa wameipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa katika hali ya kushangaza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka hiyo chini ya maji haikuimaliza, kwa kuwa hewa na chuma havikukutana. Fundi anayepaka oili chafu ndani ya mihimili ya lori mwanzoni mwa masika anafuata kanuni ile ile. Wanaomcheka kwamba anachafua gari hawajui anachokifanya.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo, yaani namna fremu zinavyotofautiana, maana si kila chesisi inaoza kwa njia moja. Mhimili wa lori kubwa ni mfereji wazi wa chuma kinene. Matope huingia, lakini hutoka. Na lililo bora zaidi, jicho la fundi huona pande zote mbili. Kutu ya lori ni adui wa hadharani. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ina hali nyingine. Fremu yake ni mabati ya chuma ya unene wa karibu milimita 2 yaliyochomelewa kuwa boksi lililofungwa. Boksi ni jepesi na lina nguvu, lakini linaoza kutoka ndani kuja nje: rangi ya nje inaweza kung'aa ilhali ndani pamebaki ganda. Mhimili wa nyuma kabisa ndio hufa kwanza, pamoja na mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Bodi ya Land Rover, kwa upande wake, ni ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Ubelgiji ilipounda gari hilo kwa leseni katika kiwanda cha Minerva, kati ya 1952 na 1956, ilitumia bodi za chuma. Aloi ilikuwa zao la uhaba, si la hekima. Lakini uhaba huo ulizaa bahati Afrika nzima. Bodi haikuoza, isipokuwa pale ilipogusana na chuma kwenye unyevu, ambapo alumini hugeuka unga mweupe. Na chini yake fremu iliyooza ingeweza kubadilishwa au kutiwa viraka, kisha bodi ile ile ikarudishwa mahali pake.

Gari dogo ni kisa kingine. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya viliacha chesisi kwa magari ya abiria. Bati la sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za paa viliunganishwa kuwa ganda moja linalojibeba, na injini pamoja na magurudumu vikashikwa na fremu ndogo au mhimili uliofungwa kwa bolti chini ya ganda hilo. Peugeot 404 ya mwaka 1960 iko katika ukoo huu. Mini ya 1959 ina fremu ndogo mbili, mbele na nyuma, na ile ya nyuma inajulikana duniani kote kwa kuoza. Kwa nadharia, fremu ndogo inafunguka. Kwa vitendo, inafunguka gari likiwa zima. Bolti zake huingia kwenye nati zilizofungiwa ndani ya boksi la bati jembamba. Kutu ikishaishika bolti, ukiizungusha, nati nayo inazunguka huko ndani, na hakuna spana inayofika. Inabidi kukata dirisha kwenye bati ili kuishika nati. Ukikata, unagundua kwamba bati lililo jirani nalo limekwisha, na huna chuma kizima cha kuchomelea. Dirisha la kiganja linakuwa shimo la mkono mzima, na shimo hilo liko mahali panapobeba injini. Hapo ndipo gari hufa. Injini haikulishinda, lilishindwa na nati moja. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilisimama katikati ya makundi hayo mawili: sakafu yake ni jukwaa linalofunguka kutoka kwenye bodi, na nadhani ndiyo sababu ilizishinda umri ndugu zake wengi wa mijini. Lakini jukwaa lenyewe ni jembamba, na betri iliyowekwa chini ya kiti cha nyuma huvujisha asidi juu yake.

Kufungua fremu ndogo iliyooza kunadai nidhamu ambayo mtazamaji wa pembeni haioni. Kwanza vinapimwa vipimo, kabla hata bolti moja haijaguswa: kamba inavutwa kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake, na tofauti ya kamba hizo mbili ndiyo inayosema kama gari limepinda. Milango iliyo karibu na kizingiti kilichooza inatiwa nondo ya kukingama, la sivyo ganda litajikunja likishapunguziwa mhimili. Bolti zinanyeshwa mafuta ya taa au dizeli kwa siku kadhaa. Nati inapashwa moto, lakini si pale penye mpira wa kuzuia mtikiso, maana ukiungua huko Kabambare hakuna duka la kuununua. Injini inaning'inizwa kwa mnyororo kwenye mti, betri inaondolewa, tanki linatolewa, mabomba ya breki na shafti ya stering vinaachanishwa, ndipo fremu ishuke. Kukata kutu nako kuna sheria: unakata hadi ufikie chuma cheupe. Kiraka kilichoshonwa juu ya kutu kinaikumbatia na kuifichia maji. Kwenye lori sheria zinageuka tena. Mhimili mnene wa lori haupendi kuchomelewa kwa kukatiza kwenye midomo yake ya juu na ya chini, kwa kuwa joto hulegeza chuma na ufa mpya huanzia ukingoni mwa kiungo. Fundi mzuri huweka bamba la kuimarisha ubavuni, lenye ncha zilizochongwa kwa mshazari ili nguvu isikate ghafla, na hulifunga kwa bolti au ribiti. Anayeyajua haya hawezi kuuita ufundi huo kubahatisha.

Maarifa hayo yalitoka wapi? Kuna simulizi inayopendeza kwamba mafundi wa leo ni wajukuu wa wahunzi wa kale, maana watu wa Maniema na majirani zao Wasongye na Waluba walijulikana kwa shoka, mikuki na majembe yao muda mrefu kabla ya Wazungu. Simulizi hiyo naikubali nusu tu. Kusoma joto la chuma kwa rangi yake, kujua lini kinapindika na lini kinapasuka, ni elimu ya mhunzi kweli. Lakini ribiti, kipimo cha pembe mraba, na moto wa gesi ya kabidi vilijifunzwa katika karakana za waajiri wakubwa: reli na meli za CFL, viwanda vya pamba, misheni za Kikatoliki, na zaidi ya yote migodi. Kampuni ya Symétain ilichimba bati Kalima tangu miaka ya 1930, na Namoya, katika eneo la Kabambare, ilikuwa nchi ya dhahabu. Mgodi ulio mbali na bandari haungoji kipuri kutoka Antwerp. Unakiunda. Kijana aliyeingia karakana kama huyo akishika taa na nyundo alitoka miaka kumi baadaye akiwa na elimu ambayo hakuna shule ya Kasongo iliyoitoa.

Kilichoisambaza elimu hiyo mitaani, nadhani, ni kuanguka kwa waajiri hao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni biashara na mashamba yao. Wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Wahindi walioagiza vipuri katika miji midogo ya mashariki wakaondoka au wakafunga, na waliopewa maduka hayo wengi hawakuwa na njia ya kuagiza kitu. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwezi wa Oktoba 1985 soko la bati duniani likaanguka kwa siku moja pale Baraza la Kimataifa la Bati lilipokosa fedha, na SOMINKI haikupona tena. Mafundi waliokuwa na mshahara wakawa mafundi wa chini ya mwembe. Kipuri kipya hakikuwepo, lakini gari bovu lilikuwepo, na gari bovu lenye chesisi ni ghala: mhimili wa moja ulifungwa kwenye jingine, difu ikahamia, sanduku likahamia. Gari la ganda moja haligawanyiki hivyo. Ukikata nusu yake ya mbele upate ya kutibu nyingine, umeua mawili.

Sasa pingamizi la vita, ambalo sitaki kulipunguza uzito. Mwaka 1964 waasi walioitwa Wasimba walipotwaa Maniema, magari ya misheni, serikali na makampuni yalichukuliwa, yakaendeshwa hadi yakasimama. Kindu ilitekwa Julai na kurudishwa tarehe 5 Novemba na safu ya malori na jeep iliyotoka Kongolo. Vita vya 1996 na 1997, kisha vile vya 1998 hadi 2003, vilikuwa vibaya zaidi. Treni ya Kindu ilikoma mwaka 1998 na haikuonekana tena hadi 2004, madaraja ya magogo yakaoza, na sehemu za barabara ya Kasongo zikarudi kuwa vichochoro vya baiskeli. Magari mengi yaliyokufa wakati huo yalikufa kwa moto na risasi, si kwa kutu. Nakubali. Lakini hoja yangu haihusu idadi ya yaliyokufa. Inahusu aina ya yaliyorudi. Amani ilipopatikana kidogo, kilichofukuliwa vichakani na kurudishwa barabarani kilikuwa kile chenye mihimili ya kufungulika. Gari lililolala miaka mitano chini ya mvua linaweza kupoteza nyaya, mipira, viti na bodi nzima, na bado likiwa na chesisi linabaki gari. Vita viliangamiza mengi. Muundo ndio uliochagua yapi yafufuke. Kuhusu barabara, jibu ni fupi zaidi. Shimo halivunji mhimili mzima mara nyingi. Huvunja ule ambao kutu ilikwisha kuupunguza unene. Lawama zikiwekwa kwa shimo peke yake, anayenufaika ni mwenye gari aliyeacha kufagia matope.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo linatoka mbali. Wapenzi wa magari ya kale Ulaya na Marekani watasema kwamba Land Rover ya Kasongo yenye mhimili wa lori, sanduku la mbao na injini ya Kijapani si gari la kale tena. Ni mkusanyiko wa vipande. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lililoanzishwa 1966, linalitambua kuwa la kihistoria gari lenye umri usiopungua miaka 30, lililohifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Soma sharti la mwisho tena. Gari linalofanya kazi kila siku limetolewa nje ya historia kwa sababu linafanya kazi. Naelewa nia yao, maana matumizi huchakaza. Lakini kipimo hicho kimetungwa na watu ambao gari la babu liliacha kuwa na kazi, likaingia banda lenye joto na kusubiri mwenye fedha. Maniema haikuwa na kipindi hicho cha kusubiri. Lori liliendelea kubeba mawese, na kila ukarabati wake ni tukio la kihistoria lenye tarehe: kiraka cha zama za SOMINKI kwa gesi na ribiti safi, kiraka cha zama za vita kwa bati la pipa, kiraka cha leo kwa jenereta na fimbo za kuchomelea kutoka China. Hati ya Torino ambayo shirikisho hilo hilo liliikubali mwaka 2012 inaheshimu alama zilizoachwa na matumizi juu ya gari. Kwa kipimo hicho, mhimili mmoja uliotiwa viraka Kasongo una habari nyingi kuliko gari la maonyesho lililorudishwa kuwa kama jipya, ambalo kwa kusafishwa sana limefutiwa maisha yake yote.

Sisemi kwamba kila kiraka ni kizuri. Vipo vilivyoua watu. Mhimili uliotibiwa kwa bati la pipa juu ya kutu, ukibeba magunia na abiria juu ya magunia, ni jinai hata kama umesukumwa na umaskini, na fundi anayejua sheria ya chuma cheupe hana udhuru wa kuivunja kwa kuwa mwenye gari ana haraka. Sifa ya ufundi huu isigeuzwe kuwa wimbo wa kusifu dhiki.

Mambo yamebadilika upesi tangu vita viishe. Pikipiki za India na China ndizo zinazobeba watu na mizigo kati ya Kasongo, Kabambare na vijiji vya Lusangi na kwingineko, na fundi wa kuchomelea anaishi kwa kuimarisha fremu za baiskeli kwa nondo na kurudisha uma wa pikipiki uliopinda. Mgodi wa Namoya chini ya kampuni ya Banro ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ukasimama 2019 kwa sababu ya usalama. Magari yake yalikuwa mapya, na yalikuja na mafundi na vipuri vyake. Chesisi za zamani zinakatwa sasa kwa ajili ya wanunuzi wa chuma chakavu. Zikishakatwa, ushahidi wa hoja hii unaondoka nazo, kwa kuwa karakana hazikuweka vitabu na waliokumbuka wanazeeka. Walimu wa shule za ufundi za Kasongo, mapadre wenye mabanda ya misheni, na yeyote mwenye lori bovu nyuma ya nyumba wanaweza kufanya jambo dogo lisilogharimu kitu. Wasugue kutu kwa brashi ya waya na waandike namba ya chesisi: kwenye Land Cruiser imechongwa ubavuni mwa mhimili wa kulia karibu na gurudumu la mbele; kwenye Land Rover nyingi za zamani iko mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Waandike pia viraka viko wapi, vimefungwa kwa ribiti au kwa moto, na nani alivifunga. Kazi hiyo ifanyike kabla mwenye mizani ya chuma chakavu hajafika.